Hewa iliyo juu ya mikoko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha za setilaiti, uoto na erosoli

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu wa vikundi vya mikoko, walimu wa jiografia na vijana wanaochora ramani, kuanzia Mida na Malindi hadi Pate na Kiwayu. Wengi wao wamewahi kufungua picha ya setilaiti, wakaona kijani kimefifia mahali ambapo mikoko imesimama vilevile, wakaingiwa na hofu. Wengine waliandika ripoti kabla ya kuuliza. Jambo moja linapita katika majibu yote: namba inayoshuka kutoka angani ina mti ndani yake na ina hewa ndani yake, na asiyejua kuvitenganisha anaweza kuutangazia msiba msitu ulio hai, au kunyamaza msitu ukifa.

Setilaiti inapimaje ukijani wa mmea?

Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na kazi hiyo hufanywa na klorofili. Mwanga wa infraredi ulio jirani na huo mwekundu, ambao jicho letu halioni, jani halina haja nao, hivyo hurudisha sehemu kubwa juu. Setilaiti hupima yote mawili. Chukua infraredi, toa nyekundu, kisha gawa kwa jumla ya hizo mbili. Jibu ndilo linaloitwa NDVI. Msitu mzito wa mkoko na muia hufika 0.8 au zaidi, mchanga mtupu hukaa karibu na 0.1, na maji safi ya bahari hushuka chini ya sifuri.

Setilaiti za Landsat zilianza kupiga picha za dunia mwaka 1972. Sentinel-2 ya Ulaya, ambayo ndiyo wengi wetu tunaitumia sasa, ilianza mwaka 2015 na huona kipande cha ardhi cha mita 10 kwa 10. MODIS, kihisi kilichomo ndani ya setilaiti Terra na Aqua, huona vipande vikubwa zaidi, mita 250 na kwenda juu, lakini ilipita kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sasa hewa inaingia wapi katika hesabu hiyo?

Mwanga wa jua hupita hewani mara mbili: ukishuka kwenye mti na ukirudi juu kwa setilaiti. Njiani hupatwa na mambo mawili yanayokwenda kinyume. Sehemu yake hupotea, na wakati huohuo mwanga mwingine ambao haukugusa mti hata kidogo hutawanywa na hewa moja kwa moja hadi kwenye setilaiti. Aliyelala ndani ya chandarua taa ikammulika anaijua hali hii: chandarua chenyewe kinang'aa, na vitu vya chumbani vinafifia nyuma yake.

Molekuli za hewa hutawanya mwanga wa mawimbi mafupi zaidi kuliko wa mawimbi marefu. Kanuni ya Rayleigh inasema mtawanyiko hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Bluu ya nanomita 450 hutawanywa karibu mara tano ya nyekundu ya nanomita 670, na nyekundu hiyo hutawanywa karibu mara tatu ya infraredi ya nanomita 860. Kwa hiyo hewa haiongezi mwanga kwa usawa. Huongeza mwekundu zaidi ya infraredi, na NDVI inaishi kwa tofauti ya hizo mbili.

Juu ya molekuli kuna erosoli, yaani chembe ndogo zinazoelea hewani: chumvi ya bahari, vumbi, moshi, masizi, chembe zinazotokana na gesi za viwandani na za magari. Hizi ndizo zinazotusumbua zaidi.

Nionyeshe kwa namba. Upotovu ni mkubwa kiasi gani?

Tuchukue mikoko mizito inayorudisha asilimia 3 ya mwanga mwekundu na asilimia 35 ya infraredi. NDVI yake ya kweli ni 0.32 gawanya kwa 0.38, yaani 0.84. Sasa weka juu yake hewa yenye utusitusi wa wastani. Nyekundu inayofika kwenye setilaiti inapanda hadi kama 0.06, kwa sababu ya mwanga uliotawanywa njiani. Infraredi inapungua kidogo, tuseme hadi 0.34. NDVI sasa ni 0.28 gawanya kwa 0.40, sawa na 0.70. Mti haukudondosha hata jani moja na namba imeshuka kwa 0.14.

Fanya hivyohivyo kwa kichaka kikavu cha huku nyuma ya Marafa, chenye nyekundu 0.15 na infraredi 0.25. NDVI ya kweli ni 0.25. Chini ya hewa ileile itasomeka karibu 0.19. Imeshuka pia, ila kwa kiasi kidogo. Tazameni jambo hilo vizuri, kwa sababu watu wengi hudhani kinyume: msitu wenye afya kuliko yote ndio unaopotoshwa zaidi na hewa. Wekundu wake ni mdogo mno, na kinachoongezwa juu ya kitu kidogo huonekana kikubwa.

Kwa nini erosoli ziwe ngumu kuliko hewa yenyewe?

Mchango wa molekuli unategemea kanieneo ya hewa na pembe ya jua, na yote mawili yanajulikana. Ozoni hupimwa kila siku na haibadiliki ghafla. Erosoli hubadilika kati ya asubuhi na adhuhuri, kati ya Gongoni na Watamu, na hutofautiana kwa ukubwa, umbo na rangi. Chembe ya chumvi hutawanya mwanga tu. Chembe ya masizi huutawanya na pia huumeza. Kiasi kilekile cha moshi na cha chumvi hakitaleta upotovu uleule.

Wanasayansi hutumia kipimo kiitwacho AOD kusema ni kiasi gani cha mwanga kinazuiwa na erosoli kutoka juu ya angahewa hadi chini. AOD ikiwa 0.1, anga ni safi. Ikiwa 0.2 na jua liko utosini, kama asilimia 82 ya mwanga wa moja kwa moja hupita bila kuguswa na erosoli. Ikifika 1, hupita asilimia 37 tu. Jua likiwa chini, nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, njia ya mwanga hewani huwa mara mbili, na ile asilimia 82 inakuwa 67.

Kaskazi na kusi zinabadilisha picha zetu?

Zinabadilisha sana, na kwa maoni yangu hakuna mtu wa pwani hii anayepaswa kusoma mfululizo wa NDVI bila kuandika pembeni upepo uliokuwa ukivuma.

Kaskazi inapovuma, kati ya Desemba na Machi, hewa inayotufikia imepita juu ya Bara Arabu, Somalia na upande wa kaskazini wa Bahari ya Hindi. Inaweza kubeba vumbi. Mwaka 1999 utafiti mkubwa wa INDOEX, uliofanyika juu ya Bahari ya Hindi kuanzia Januari hadi Machi, ulionyesha utusitusi wa moshi na uchafu kutoka Asia Kusini ukienea mbali sana juu ya bahari majira ya upepo huo. Na huku kwetu, miezi hiyo ya mwisho wa kiangazi ndiyo ya kufyeka na kuchoma mashamba kungojea masika. Ongeza matanuri ya chokaa na ya makaa, ambayo moshi wake hukaa chini upepo ukilegea.

Kusi hutoka bahari kuu na huvuma kwa nguvu zaidi. Wimbi likivunjika, povu hurusha matone madogo. Tone likikauka hubaki chembe ya chumvi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe hiyo huvimba na kutawanya mwanga zaidi. Ndiyo maana siku ya kusi kali anga huweza kuwa jeupe juu ya Manda ilhali hakuna moshi wala vumbi.

Aina hizi hutambulikana kwa namna zinavyozuia rangi mbalimbali. Chembe kubwa, za chumvi na vumbi, huzuia rangi zote karibu sawasawa. Chembe ndogo za moshi huzuia bluu zaidi ya nyekundu, na nyekundu zaidi ya infraredi. Namba inayoeleza tofauti hiyo huitwa kipeo cha Ångström: ikiwa karibu na sifuri chembe ni kubwa, ikipita 1.5 chembe ni ndogo. Moshi mwembamba unaichafua nyekundu huku infraredi ikipita karibu salama, na hapo NDVI ya msitu huporomoka.

Hatari kubwa iko hapa. Majira ya vumbi na moshi ndiyo majira yaleyale ambayo nyasi na vichaka vya bara vinakauka kweli. Mambo hayo mawili hayafutani, yanajumlika. Masika yakishuka yanaosha hewa na kuchipusha majani kwa pamoja, na grafu inaruka juu kuliko mimea ilivyoruka. Mtu anayetazama grafu peke yake ataona ukame mkali kuliko ulivyokuwa, halafu neema kubwa kuliko ilivyokuja.

Mvuke wa maji nao?

Mvuke hunyonya infraredi, hasa karibu na nanomita 940. Vihisi vya zamani vya AVHRR, vilivyokuwa kwenye setilaiti za NOAA, vilikuwa na mkanda mpana wa infraredi (mkanda ni sehemu ya mawimbi ambayo kihisi hupima) uliomeza eneo hilo lote, kwa hiyo unyevu wa pwani uliishusha NDVI. MODIS ilipewa mkanda mwembamba unaolikwepa. Katika Sentinel-2, mkanda wa 8 ni mpana na una mita 10, na mkanda wa 8A ni mwembamba zaidi na una mita 20. Mkanda wa 9 umewekwa makusudi kwenye nanomita 945 ili kuupima mvuke wenyewe.

Nimesikia kwamba erosoli hupimwa kwa kutumia mimea hiyohiyo inayofichwa na erosoli. Inawezekanaje?

Ni kweli, na ndilo jambo zuri kuliko yote katika elimu hii.

Fikiri setilaiti inatazama chini. Inapokea mwanga wa ardhi na mwanga wa hewa vikiwa vimechanganyika. Ili ujue hewa imechangia kiasi gani, ni lazima ujue ardhi ingeonekanaje bila hewa. Mahali pa mchanga mweupe swali hilo ni gumu. Mahali penye msitu mzito ni rahisi zaidi, kwa sababu msitu ni mweusi katika mwanga mwekundu na wa bluu. Mwangaza wowote unaozidi juu ya weusi huo umetoka hewani.

Lakini weusi wake ni kiasi gani hasa? Hapa Yoram Kaufman na wenzake wa NASA walipata njia. Katika mawimbi marefu ya mikromita 2.1, chembe ndogo za moshi hazionekani kabisa au zinaonekana kidogo mno, hivyo setilaiti huona ardhi karibu kama ilivyo. Walikuta kwamba kwa uoto mzito, uakisi wa nyekundu, yaani sehemu ya mwanga huo inayorudishwa juu, ni kama nusu ya uakisi wa mikromita 2.1, na wa bluu ni kama robo. Ukipima 0.06 kwenye 2.1, unatarajia 0.03 kwenye nyekundu. Ukikuta zaidi ya hapo, baada ya kuondoa mchango wa molekuli, kilichozidi unakifasiri kuwa erosoli.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: ukikosea uakisi wa ardhi kwa 0.01, AOD yako itakosea kwa kama 0.1. Kosa dogo la kukisia rangi ya msitu huzaa kosa kubwa la hewa. MODIS huchukua mraba wa kilomita 10 kwa 10, hutupa pikseli, yaani vipande vidogo vya picha, zenye mawingu na maji, kati ya zilizobaki hutupa nusu iliyo angavu zaidi na asilimia 20 iliyo nyeusi zaidi, ndipo hukadiria. Hata hivyo kosa linalotarajiwa juu ya nchi kavu ni 0.05 na kuongeza asilimia 15 ya AOD yenyewe, juu au chini. Kwenye bahari wazi, ambako maji ni meusi na yanatabirika, kosa ni dogo zaidi.

Kwa hiyo kuna mduara. Tunahitaji kujua mimea ili kupima hewa, na tunahitaji kujua hewa ili kupima mimea. Programu ya Sen2Cor, inayotayarisha picha za Sentinel-2, nayo hutafuta uoto mweusi ndani ya picha ili kukadiria erosoli. Isipouona wa kutosha hutumia makadirio ya nje. Mtu anayechunguza mikoko ya Ndau ajue kwamba mikoko hiyohiyo huenda ndiyo iliyotumika kuikadiria hewa iliyo juu yake. Msitu ukianza kudhoofika na wekundu wake ukapanda, sehemu ya mabadiliko hayo inaweza kuhesabiwa kuwa moshi na kufutwa. Ndiyo sababu nasisitiza kipimo cha ardhini, na mguu wa mtu ndani ya tope.

Kwa nini visiwa vya Lamu ni vigumu hivi?

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Mahali palipo na hazina kubwa hivyo ndipo setilaiti inapopata taabu kubwa.

Kwanza, mraba wa kilomita 10 ukiwekwa kati ya Pate, Manda na bara unakuwa na bahari, mikondo, tope, mchanga na msitu kwa pamoja. Pikseli safi zinazobaki ni chache, na makadirio ya erosoli hukosekana au huyumba.

Pili, ardhi jirani huingiliana. Mwanga uliorudishwa na vilima vya mchanga wa Shela hutawanywa hewani na kuingia kwenye njia ya pikseli ya mikoko iliyo kando yake. Mkoko unaonekana mweupe kuliko ulivyo kwa sababu ya jirani yake. Kadiri erosoli zinavyozidi, ndivyo uchafuzi huu wa ujirani unavyozidi. Vivyo hivyo upande wa Malindi: mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa yanang'aa sana, na mikoko ya Ngomeni iko ubavuni pake.

Tatu, mchanga mweupe una tabia yake. Juu ya msitu, erosoli huongeza mwangaza. Juu ya mchanga ulio angavu vya kutosha, kinachoongezwa na kinachopotea hukaribia kulingana, hivyo erosoli hazionekani. Na moshi wenye masizi unaweza hata kuufanya mchanga uonekane mweusi zaidi. Njia ya uoto mweusi haifanyi kazi hapo. Kwa ardhi angavu hutumika njia nyingine iitwayo Deep Blue, inayotegemea mwanga wa bluu, ambamo hata jangwa huwa jeusi kiasi.

Nne, na hili si la hewa lakini huchanganywa nayo kila mara: maji. Maji ya bamvu yakijaa chini ya mikoko aina ya mlilana na mchu wa ukingoni, maji humeza infraredi na NDVI hushuka. Picha ya maji kujaa na picha ya maji kupwa hazilinganishwi bila kutazama jedwali la maji. Mkata boriti wa Faza anajua hivyo bila kuambiwa; mtu wa kompyuta mara nyingi hajui.

Kinywa cha mto Sabaki kinaathirije?

Mto ukifurika, tope lake jekundu husambaa baharini kuelekea Malindi na Mambrui. Njia ya kupima erosoli juu ya bahari hutarajia maji meusi. Maji yenye tope yanang'aa, na yasipotambuliwa yatasomwa kuwa hewa chafu. Programu za MODIS hujaribu kuyaondoa maji hayo, kwa hiyo usishangae ukikuta pengo lisilo na namba mbele ya mdomo wa mto.

Kuna kifaa cha kupima hewa huku chini?

Dunia nzima kuna mtandao uitwao AERONET, unaoendeshwa na NASA pamoja na washirika. Kifaa chake hutazama jua moja kwa moja, hupima mwanga uliobaki katika rangi kadhaa, na hukadiria AOD kwa uhakika wa 0.01 hadi 0.02. Hakihitaji kujua rangi ya ardhi, na ndiyo nguvu yake: kinauvunja ule mduara niliousema. Vipimo vya setilaiti huhakikiwa kwa hivyo vya chini.

Malindi imo katika orodha ya vituo hivyo kwa jina CRPSM_Malindi. Herufi hizo ni za mradi wa San Marco wa Waitaliano, uliojenga kituo cha anga cha Ngomeni ambacho sasa kinaitwa Luigi Broglio. Wazee wa huko wanakumbuka roketi zilizorushwa kutoka kwenye majukwaa ya baharini kuanzia 1967 hadi 1988, ikiwemo ile ya tarehe 12 Desemba 1970 iliyobeba Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Vijana wetu wanapita mbele ya historia hiyo wakienda kuvua kamba. Wana haki ya kujua kwamba namba za hewa ya Malindi zinapatikana bure mtandaoni.

Unapozichukua, angalia kwanza miaka iliyo na vipimo, kisha daraja la ubora. Daraja la 1.0 halijachujwa, la 1.5 limechujwa mawingu, la 2.0 limehakikiwa kikamilifu.

Nipakue picha ya aina gani: L1C au L2A?

Kwa NDVI pakua L2A. Hiyo imeshasahihishwa hewa, na namba zake ni za uakisi wa ardhini. L1C ni mwanga kama ulivyofika juu ya angahewa, pamoja na utusitusi wake wote. Usichanganye mbili hizo katika grafu moja hata kama ni tarehe moja tu iliyokosekana.

Ndani ya L2A kuna tabaka liitwalo SCL linalosema kila pikseli ni nini. Ondoa namba 3, ambayo ni kivuli cha wingu, 8 na 9, ambazo ni mawingu, na 10, ambayo ni mawingu membamba ya juu sana. Hayo ya namba 10 ndiyo wezi wakubwa, kwa kuwa jicho linapita juu yake bila kuyaona. Sentinel-2 hupita kwetu yapata saa tano kasorobo asubuhi, na saa hiyo mawingu ya bara huwa yameshaanza kujikusanya.

Kuna mtego mmoja nausema kwa herufi kubwa kila nikifundisha. Tangu tarehe 25 Januari 2022, namba zilizomo ndani ya faili za Sentinel-2 zimeongezewa 1000, na unapaswa kuitoa hiyo 1000 kabla ya hesabu. Mkoko wenye 300 kwenye nyekundu na 3500 kwenye infraredi sasa unaandikwa 1300 na 4500. Usipotoa 1000, NDVI yako inatoka 0.55 badala ya 0.84. Grafu itaonyesha mikoko yote ya pwani imekufa mwezi mmoja. Baadhi ya majukwaa ya mtandaoni hutoa hiyo 1000 kwa niaba yako, mengine hayatoi, basi soma maelezo.

EVI si bora kuliko NDVI?

Kwa msitu mzito na hewa chafu, mara nyingi ndiyo. EVI, kipimo kingine cha ukijani, hutumia bluu, ambayo huathiriwa zaidi na erosoli, kurekebisha nyekundu. Wazo hilo lilitoka kwenye kipimo cha ARVI cha Kaufman na Tanré cha mwaka 1992. Lakini bluu ikisahihishwa vibaya, EVI huharibika pia. Wingu dogo lililopita kichujio huifanya itoe namba za ajabu.

Kwa nini baadhi ya ramani ni za siku 16 na si za siku moja?

Kwa sababu hewa na mawingu karibu kila mara huishusha NDVI. Ukiwa na siku nyingi na ukachagua thamani ya juu kabisa kwa kila pikseli, unakuwa umechagua siku iliyokuwa safi zaidi. Brent Holben alieleza mbinu hii mwaka 1986, na bado inatumika ndani ya bidhaa za MODIS pamoja na vichujio vingine. Udhaifu wake ni kwamba utusitusi ukidumu wiki zote mbili, hakuna siku safi ya kuchagua.

Bima ya mifugo na taarifa za ukame zinaweza kukosea kwa ajili ya hewa?

Zinaweza, na hapa ndipo jambo linapomgusa mtu mfukoni. Mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti ukame, NDMA, hutoa taarifa za kila mwezi kwa kaunti kavu, zikiwemo Kilifi, Lamu na Tana River, na hutumia kipimo cha VCI. Hicho hulinganisha NDVI ya sasa na ya chini kabisa na ya juu kabisa iliyowahi kuonekana mahali hapo majira hayo. Chini ya 35 ni ukame, chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 ni mkali kupindukia.

Tazama ujanja uliofichika. Hewa chafu leo hushusha VCI. Lakini ikiwa ile NDVI ya chini kabisa iliyo kwenye kumbukumbu ilitokana na wingu lililosahauliwa na si ukame wa kweli, basi kipimo cha chini kimekuwa cha uongo, na ukame wa leo utaonekana mwepesi kuliko ulivyo. Mfugaji anaumia bila kosa lake. Waandaaji wa takwimu hizi huzichuja na kuzilainisha kwa miezi mitatu ili kupunguza hatari hiyo, na ni kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo mwenye kaunti yake asiache kuuliza namba zilichujwaje.

Ni kweli volkano ya mbali inaweza kuchafua kipimo chetu?

Ndiyo. Pinatubo ya Ufilipino ililipuka Juni 1991, ikapeleka gesi ya salfa juu kabisa angani, ikageuka erosoli zilizozunguka dunia, hasa ukanda wa tropiki. Kumbukumbu za AVHRR zilishuka kwa sababu hiyo hadi mwaka 1993 hivi. Ukipata mfululizo wa zamani unaoonyesha misitu yote ya tropiki imefifia miaka hiyo, uliza kwanza kama ulisahihishwa.

Nitumie rada basi, niachane na usumbufu huu?

Sentinel-1 hutumia rada, na rada hupenya mawingu na moshi. Inafaa sana kujua kama mikoko imekatwa. Haikuambii rangi ya jani wala afya ya klorofili. Tumia zote mbili.

Namba ya eneo letu imeshuka kwa 0.1 tangu mwezi uliopita. Nipige kelele?

Kwanza tafuta kipande cha jirani unachojua hakijaguswa, kwa mfano kiini cha msitu wa Arabuko-Sokoke kwa watu wa Mida na Malindi, au mikoko ya ndani kabisa isiyofikiwa na mashua kwa watu wa Lamu. Kikiwa nacho kimeshuka kiasi kilekile siku ileile, shuku hewa. Kisha tazama mkanda wa bluu: ukipanda pamoja na nyekundu mahali pote, hiyo ni dalili ya utusitusi. Angalia AOD ya siku hiyo, angalia maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, hakikisha ile 1000 imetolewa. Ngoja picha mbili au tatu zinazofuata.

Kama kipande chako peke yake kimeshuka, majirani hawakushuka, na hali inaendelea picha baada ya picha, basi usingoje tena. Panda mtumbwi maji yakijaa, nenda ukatazame majani, mizizi na visiki, piga picha zenye tarehe, uandike jina la mti ulioathirika kama ni mkoko, mchu au mkandaa. Peleka vyote pamoja kwa chama cha msitu na kwa afisa wa misitu: grafu, hali ya hewa ya siku hiyo, na ulichokiona kwa macho.